Kuboresha mapanga ya feni kwa OpenFOAM kabla ya kukata bati

OpenFOAM ni programu huria ya kompyuta ya kuiga mwendo wa hewa. Mfano wangu ni feni ya kikaushio cha mahindi: kipenyo milimita 600, kitovu 240, mapanga matano, mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika. Mapanga yalikuwa bati bapa, pembe moja kutoka shina hadi ncha. Feni za namna hii zimejaa mtaani, na zinakula umeme bure.

Hatua ya 1: Jua unachotaka. Hapa ni mita za ujazo 2.4 za hewa kwa sekunde, kwa shinikizo jumla la paskali 150. Ndani ya hizo 150, kama 60 ni za mwendo wa hewa tu. Muuzaji akikutajia namba, muulize kama amezihesabu hizo 60 humo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya msokoto kwa mkono. Usiharakishe hapa, maana faida kubwa iko hapa kuliko kwenye umbo la panga lenyewe. Nafasi kati ya kitovu na kasha ni kama mita za mraba 0.24, hivyo hewa inapita kwa mita 10 kwa sekunde. Ncha ya panga inakimbia mita 45 kwa sekunde, shina 18 tu. Ukilinganisha, hewa inaifikia ncha kwa nyuzi 13 hivi kutoka bapa la mzunguko, na shina kwa nyuzi 29. Ongeza nyuzi 4 au 5 ili panga liume hewa. Panga lisilosokotwa haliwezi kuridhisha kote kuwili: likikaa sawa nchani, shina linaipokea hewa kwa mgongo, likikaa sawa shinani, hewa inabanduka nchani.

Hatua ya 3: Chora na ugawe meshi, yaani gawa nafasi ya hewa kuwa vipande vidogo (seli). Panga moja na kipande chake cha nyuzi 72 vinatosha. Pande mbili ziunganishe kwa cyclicAMI, mpaka unaofanya hewa inayotoka upande mmoja iingie upande wa pili. Uwazi kati ya ncha na kasha uchore kama utakavyokuwa kweli, na uupe seli kumi hivi. Wengi huuziba ili meshi iwe rahisi, kisha wanashangilia ufanisi ambao hautaonekana karakana.

Hatua ya 4: Endesha. simpleFoam (kikokotoo cha mtiririko tulivu), kOmegaSST (modeli ya msukosuko wa hewa), na MRF kwa mzunguko, njia inayohesabu mzunguko bila kuzungusha meshi. Kasha likiwa ndani ya eneo la MRF, liandike kwenye nonRotatingPatches (orodha ya nyuso zisizozunguka), la sivyo litazunguka pamoja na feni. Mimi nilisahau, nikapoteza siku mbili nikilaumu pembe zangu.

Hatua ya 5: Soma torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Zidisha ya panga moja kwa tano. Ikija niutoni-mita 4.0, zidisha kwa 150.8 (kasi ya mota kwa radiani kwa sekunde): wati 603. Hewa imepokea 2.4 × 150, yaani wati 360. Ufanisi ni asilimia 60. Kisha ongeza seli mara mbili urudie. Jibu likihama zaidi ya pointi moja, meshi bado.

Hatua ya 6: Badili kitu kimoja kimoja. Msokoto kwanza, halafu pembe ya kufungia, halafu upana. Kila badiliko lipime kwa viwango vitatu vya hewa, siyo kimoja.

Ukiridhika, chonga panga moja la mbao, ulizungushe kwa mkono ndani ya kasha. Langu lilikwaruza upande mmoja, na upande wa pili ukabaki uwazi wa milimita 6: kasha halikuwa duara. Nikarudi hatua ya 3, nikachora uwazi wa milimita 6 badala ya 3.