Jinsi ya kupunguza taka shule ya msingi: anzia jalalani

Shule nyingi huanza kwa kununua mapipa matatu ya rangi na kuyapiga picha. Mwezi haujaisha, yote matatu yamejaa majani ya mwembe. Msiwalaumu watoto, hakuna aliyepanga taka ziende wapi zikitoka humo. Mapipa yatakuja mwishoni.

Hatua ya 1: Pimeni taka za wiki moja

Simamisheni uchomaji wiki nzima. Kila jioni, darasa la sita wakiwa na mwalimu wa zamu wamwage taka kwenye turubai, wazitenge, kisha wapime kila fungu kwa mzani wa kuning'iniza. Wavae glovu, wanawe kwa sabuni. Vioo na betri aokote mtu mzima. Namba ziandikwe ubaoni, somo la Hisabati limepatikana bure. Mara nyingi majani na maganda ndiyo yanayolemea mzani, ingawa macho yanaona plastiki tu.

Hatua ya 2: Tafuteni mnunuzi kabla ya kukusanya

Chupa za maji hununuliwa kwa kilo. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, hivyo kilo moja ni chupa 50 hadi 100. Muulizeni mnunuzi: anazitaka na vizibo au bila? Anazifuata kuanzia kilo ngapi? Kamati ya shule isiahidiwe utajiri hapa.

Hatua ya 3: Tengenezeni mboji

Hapa ndipo kazi ilipo. Chagueni kivulini, mbali na kisima na jiko. Pangeni matawi membamba chini ili hewa ipite, kisha majani makavu, maganda mabichi, na samadi kidogo kama ipo. Rudieni, makavu yakizidi mabichi, hadi lundo lifike mita 1 kila upande. Likiwa dogo halipati joto.

Chomekeni kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kichomoeni mkishike: kikiwa cha moto, lundo linafanya kazi. Kikitoka baridi na kikavu, mwagieni maji. Kikinuka, mmezidisha maji au mabaki ya chakula. Ongezeni majani makavu, mgeuze. Kugeuza ni kila baada ya wiki mbili hivi. Mifupa, samaki na mafuta visiingie, vitaita panya. Makande yaliyobaki apewe mfugaji wa jirani, ila kwanza mwambieni mpishi apunguze kipimo.

Miezi mitatu hivi, mboji nyeusi iko tayari kwa mchicha wa shule.

Hatua ya 4: Nendeni getini

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifuko vya ubuyu na barafu bado vinatapakaa uwanjani. Wanaoviuza ni akina mama wa mtaani, wengine wazazi wa hapo hapo. Anza na "Shikamoo mama", si na barua ya onyo. Kashata inauzika bila kifuko ikiwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Barafu ni ngumu zaidi. Mwombeni muuzaji aweke kiroba miguuni pake, mtoto amalizie hapo hapo.

Hatua ya 5: Sasa wekeni vyombo

Kila darasa ndoo moja ya maganda. Nje, kiroba cha chupa. Karatasi zikae kwenye boksi, na Desemba chaneni kurasa safi za madaftari mzishone ziwe za kukokotolea hesabu. Kiranja wa mazingira apime kila Ijumaa na kusoma namba mstarini Jumatatu, hata zikiwa mbaya.