Kutega wadudu msitu wa Rau: kwa wanafunzi wa uzamili

Kama tasnifu yako inauliza nani anamla nani msituni, usikimbilie kuchimba mashimo. Mtego wa shimo unakuonyesha nani yupo. Amekula nini, hausemi.

Hatua ya 1: Kibali. Rau iko pua na mdomo na mji wa Moshi, lakini ni msitu wa hifadhi chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Ukipandisha utafiti hadi juu ya Mweka umeingia hifadhi ya taifa, na karatasi zake ni nyingine. Anza mapema, masika ya Machi hadi Mei hayamsubiri mtu.

Hatua ya 2: Mitego. Fukia vikombe viwili vya plastiki, kimoja ndani ya kingine, mdomo ulingane na udongo. Ukibaki juu hata unene wa ukucha, mbawakawa ataugusa na kuuzunguka. Ukichomoa cha ndani, cha nje kinazuia udongo kuporomoka. Mimina maji ya chumvi na matone ya sabuni isiyo na harufu ili mdudu azame, kisha ezeka kwa sahani ya plastiki juu ya vijiti. Siafu wakipita, kikombe kitajaa wao watupu. Kihesabu peke yake.

Hatua ya 3: Wa kupima mlo. Hapa usifanye ubahili wa muda. Maabara hujua mlo kwa DNA ya windo iliyomo tumboni, na waliolowa pamoja kikombeni huchafuana: DNA ya panzi inamganda buibui, na maabara inakwambia kamla. (Buibui si mdudu, najua, ila mtandao wa chakula bila yeye ni matundu matupu.) Wawindaji hawa wakamate hai, usiku kwa tochi, mmoja mmoja kwa kibano, kila mmoja na kichupa chake cha ethanoli ya asilimia 95, halafu kwenye friza. Kibano kifute na ukipitishe motoni kabla ya kumshika mwingine.

Wa kupima isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, nazo pia huonyesha mlo) wagandishe au wakaushe, maana ethanoli huvuruga vipimo vya kaboni. Nitrojeni-15, isotopu nzito ya nitrojeni, hupanda kwa wastani wa sehemu 3.4 kwa elfu kila ngazi ya ulaji, kwa hiyo okota na majani makavu ya palepale; bila hayo huna pa kuanzia kuhesabu.

Hatua ya 4: Lebo. Penseli, kwenye karatasi inayoingia ndani ya kichupa. Wino wa peni huyeyuka kwenye ethanoli. Tarehe, mahali, mwinuko, namba ya mtego, jina la mkusanyaji. Andika papo hapo msituni, si jioni ukifika chumbani.