Maskati au Salala? Somo la kuchagua pa kuishi na kufanya kazi Omani

Wengi mnaniandikia mkiwa na nafasi mbili mkononi, moja Maskati na nyingine Salala, na karibu kila mmoja anaambatanisha picha. Naelewa. Maskati imekaa kati ya milima ya mawe na bahari, na jioni pale ufukweni Matrah unaona majahazi, ngome juu ya jabali na taa za soko kwa mara moja. Salala iko kusini kabisa, mkoa wa Dhofar, inatazama Bahari ya Arabuni, na ina minazi, migomba na mipapai mpaka mtu wa pwani yetu anajiona yuko nyumbani. Picha ziwekeni pembeni kwanza, tufuate hatua hizi.

Hatua ya kwanza: soma mkataba wenyewe

Tangazo la kazi huwa linasema mengi, lakini utakachoshika mkononi siku ya ugomvi ni mkataba. Angalia jina la mwajiri, mji utakaofanyia kazi, mshahara wa msingi peke yake, posho kila moja na kiasi chake, nani analipa nyumba, nani analipa usafiri wa kazini, na tiketi ya kurudi ni ya nani. Mji uandikwe. Pakiandikwa "Omani" tu, unaweza kusaini ukiwaza Maskati ukajikuta Salala, au pengine jangwani katikati.

Sheria ya kazi ya Omani iliyopo sasa ilitolewa kwa amri ya Sultani namba 53 ya mwaka 2023. Inataja saa 8 za kazi kwa siku na 40 kwa wiki, bila kuhesabu mapumziko, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 30. Lakini dada zangu mnaokwenda kazi za ndani, na madereva wa nyumbani, shikeni hili: ninyi mna kanuni zenu tofauti. Msidhani saa 40 zinawahusu moja kwa moja. Kwenu ninyi mkataba unabeba uzito zaidi, kwa hiyo siku ya mapumziko, chumba cha kulala, na ruhusa ya kukaa na simu yako viandikwe.

Pasipoti ni mali yako. Mwajiri akiitaka kwa ajili ya kushughulikia kadi ya ukaazi, mpe, na kazi ikiisha irudi kwako.

Hatua ya pili: ijue hali ya hewa ya miezi 12

Hapa ndipo picha zinapowadanganya watu. Kijani cha Salala mnachokiona mtandaoni ni cha msimu wa kharif, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Ni upepo wetu uleule wa kusi. Ukifika pwani ya Dhofar unayasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na ufukwe, maji baridi ya chini yanapanda, hewa yenye unyevu inapoa na kugeuka ukungu, na milima iliyo nyuma ya mji inauzuia usipite. Kwa hiyo wakati Maskati inaungua kwa nyuzi 40 na zaidi, siku nyingine hata 45, Salala inakaa kwenye nyuzi 20 na kitu huku manyunyu yakidondoka. Ukivuka milima tu kuelekea Thumrait, ukungu umekwisha na uko jangwani.

Baada ya Septemba kijani kinakauka taratibu. Novemba hadi Machi miji yote miwili ina hewa nzuri sana, hapo hakuna cha kubishania. Tofauti kubwa ni kiangazi, na inamgusa zaidi anayefanya kazi nje: ujenzi, bustani, kupeleka mizigo. Juni hadi Agosti serikali inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri. Hata hivyo saa kumi na moja jioni Maskati bado ni tanuri. Kama una presha au ulishawahi kuugua figo, na kazi yako ni ya nje, mimi kwa afya yako ningekupeleka Salala hata kwa mshahara mdogo kidogo.

Na kharif ina upande wake wa pili. Watu kutoka Ghuba nzima wanamiminika Salala, nyumba zenye samani zinapanda bei, barabara zinajaa, na mfanyakazi wa hoteli hajui Ijumaa wala Jumamosi, yaani siku za mapumziko za kule. Nyumba usipopewa na mwajiri, hakikisha mkataba wako wa pango ni wa mwaka mzima na unavuka miezi hiyo.

Vimbunga vipo kotekote. Gonu mwaka 2007 na Shaheen mwaka 2021 vilipiga upande wa Maskati na pwani ya kaskazini. Mekunu mwaka 2018 kilipiga Salala. Usipange nyumba ndani ya wadi, yaani korongo la maji, hata kama limekauka na pango ni rahisi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya kinachobaki

Riyali moja ni kama dola 2.6, na thamani hiyo imefungwa kwenye dola, kwa hiyo haichezi. Riyali ina baiza 1,000. Mshahara haukatwi kodi ya mapato. Sheria iliyotolewa 2025 itaanza 2028, na itamgusa mwenye kipato cha zaidi ya riyali 42,000 kwa mwaka.

Tuseme Maskati wanakupa riyali 300 bila nyumba, na Salala wanakupa 230 pamoja na chumba na basi la kazini. Ukitoa 90 za chumba na 35 za usafiri, ile 300 imebaki 175 kabla hujala. Salala imebaki 230. Hizi ni tarakimu za mfano, weka zako. Ninachotaka ni uone kwamba mshahara mkubwa si lazima ubaki mkubwa. Maskati ni mji mrefu uliotandazwa kando ya pwani, kutoka Matrah na Ruwi hadi Seeb, na mwenye kukaa Seeb akafanya kazi Ruwi nusu ya jioni yake inakwisha barabarani.

Hatua ya nne: uliza utakuwa na nani

Maskati ina Kiswahili. Familia nyingi zilizorudi kutoka Unguja, Pemba, Mombasa, na hata Burundi, Rwanda na Kongo, hasa baada ya mwaka 1970, zimeweka lugha hai. Utakisikia sokoni, hospitalini na maofisini. Utakuta mama anaagiza sambusa kwa Kiarabu kisha anamgeukia mwanawe na kumgombeza kwa Kiswahili safi cha Unguja. Na ubalozi wa Tanzania na wa Kenya zote ziko Maskati.

Salala iko takriban kilomita 1,000 kutoka hapo. Kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Kwa basi ni nusu siku nzima ya jangwa. Mambo yakiharibika huwezi kuruka asubuhi ukafika ubalozini ukarudi kazini mchana. Kwa mtu anayetoka nyumbani kwa mara ya kwanza, hili kwangu ni zito kuliko riyali 50.

Hatua ya tano: amua

Mkataba wa kwanza, usiye na ndugu Omani: chagua Maskati. Kazi za maofisini, benki na shule nyingi ziko huko pia. Chagua Salala kama fani yako ni ya bandari na maghala (bandari yake ya makontena ni kubwa na ina eneo huru la biashara jirani), au ni ya hoteli, au umepewa nyumba kwa maandishi na unataka utulivu. Salala ni mji mdogo, wa pole, na jioni barabarani kuna vibanda vya madafu na ndizi za shamba. Muuzaji anakukatia dafu kwa panga mbele yako. Anayependa kelele za mji hatakaa mwaka.

Maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, niko Tanga. Nimepata hospitali Salala, rafiki yangu kapata Maskati. Nimwombe tubadilishane?*

Marahaba, mwanangu. Viza inatoka kwa jina lako na kwa mwajiri wako, hakuna kubadilishana. Na usiidharau Salala kwenye fani yako: ndiyo inayohudumia Dhofar nzima, kwa hiyo utajifunza mengi. Anza mapema uhakiki wa vyeti na leseni, kwa sababu hapo ndipo wauguzi wengi wanapokwama.

*Mwalimu, wakala wetu Mombasa anasema niingie kwa viza ya matembezi, ya kazi nitabadilishiwa hukohuko. Ni sawa?*

Si sawa, ndugu yangu, na usikubali. Kufanya kazi kwa viza ya matembezi ni kosa, na mwajiri akikugeuka huna pa kushika. Viza ya kazi itoke ukiwa bado nyumbani. Peleka jina la wakala huyo Mamlaka ya Taifa ya Ajira huko Kenya ukahakikishe kama amesajiliwa. Watanzania waulize TaESA, yaani huduma za ajira za serikali, na walioko Zanzibar waulize Kamisheni ya Kazi.

*Kiswahili kitanitosha Salala?*

Hakitoshi. Kule utasikia Kiarabu, na wenyeji wa milimani wana lugha yao, Kijibali. Kazini utakutana na Kihindi, Kimalayalam na Kibengali, na bandarini Kiingereza. Jifunze Kiarabu cha salamu, bei na maelekezo kabla hujaondoka. Ukiwa Mswahili, maneno mengi utayatambua.

*Mimi ni mtu wa Lamu, nimezaliwa na kukulia baharini. Kule Salala naweza kuogelea mwaka mzima?*

Wakati wa kharif hapana, hata wewe wa Lamu. Bahari inachafuka vibaya. Mughsail, pale mawimbi yanaporusha maji kwenye matundu ya mwamba, kaa nyuma ya uzio. Watu wameshachukuliwa na wimbi wakiwa wamesimama juu ya jabali wanapiga picha. Kuanzia Oktoba maji yanatulia na ufukwe ni wako.

*Mwalimu, nikianza Maskati nikaipenda Salala baadaye, nitaweza kuhama?*

Unaweza, mdogo wangu. Tangu Januari 2021 barua ya ridhaa ya mwajiri wa zamani haitakiwi tena kama mkataba wako umekwisha. Lakini subiri uishe kweli. Kazi mpya uipate kwa maandishi, mwajiri mpya ahamishe viza yako rasmi, na hapo ndipo ufunge begi. Anayeondoka kabla anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na kulifuta jina lako kwenye ripoti hiyo ni kazi ya miezi.