Kabla ya kufurahia gawio, soma mtiririko wa fedha
Sisi wanahisa wadogo wa huku Mbeya, ambao gazeti lenye hesabu za kampuni hutufikia kwa basi stendi ya Nane Nane, huwa tunakimbilia mstari mmoja tu: gawio kwa kila hisa, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwanahisa. Nawashauri muuache kwanza. Anzieni kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ile inayoonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka, mchukue fedha taslimu zilizotokana na uendeshaji, mtoe zilizotumika kununulia mitambo na majengo, kisha mlinganishe baki na jumla ya gawio lililolipwa. Likizidi baki hiyo miaka mitatu mfululizo, kampuni inalipa kwa akiba au kwa mkopo, hata kama faida imeandikwa nono. Mimi hesabu hiyo huiandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, na imeniepusha na hisa zaidi ya moja. Kwa benki kipimo hiki hakifai. Huko tazameni mikopo chechefu, yaani ile isiyorejeshwa kwa wakati, na utoshelevu wa mtaji, yaani kama mtaji wa benki unatosha kubeba hasara. Halafu kuna kodi ya zuio, inayokatwa kabla gawio halijakufikia: gawio la kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5, kwa hiyo shilingi 100 zilizotangazwa humfikia mwanahisa zikiwa 95.