Kuwinda bata mzinga na mzee wako majira ya machipuko, fanyeni hivi mrudi na ndege

Hii ni kwa wale walioko Marekani ambao baba au mama amekubali kwenda nao porini msimu wa machipuko kutafuta dume la bata mzinga. Jambo la kwanza kabisa ni kukubaliana mkiwa bado nyumbani, nani anapiga na nani anaita, yaani anaiga sauti ya jike ili dume aje. Usiseme tutaona hukohuko, maana dume akishatokea mbele yenu hamna muda wa kuulizana, ukinong'ona ameshasikia, ukigeuza shingo ameshaona, huyu ndege anaona karibu pande zote bila kuzungusha kichwa na rangi anaziona vizuri sana. Mimi napenda bunduki moja tu iwe na risasi, mpigaji akae nayo, mwingine kazi yake kuita na kuangalia. Mkiwa wawili begani kwa begani na bunduki mbili zimejazwa hiyo ni hatari mnajitafutia wenyewe.

Leseni na tegi, yaani kile kibandiko cha kumfunga ndege uliyemuua, kila jimbo lina zake, msimu nao hivyohivyo, Florida kule kusini wanaanza Machi na majimbo ya kaskazini wanaenda mpaka Mei. Sehemu nyingi machipuko unaruhusiwa dume tu au ndege mwenye ndevu, yaani lile fungu la manyoya meusi magumu linaloning'inia kifuani, na kuna majimbo mnatakiwa kuacha kuwinda saa sita mchana. Soma kanuni za mwaka huohuo, usitegemee mzee anavyokumbuka za zamani hata kama amewinda maisha yake yote. Na ada msiione mzigo, hawa ndege miaka ya mwanzo ya 1900 walikuwa wamekaribia kuisha, wamerudi kwa sababu waliokuwepo walikamatwa wakahamishiwa misitu mingine, na sehemu kubwa ya hela ya kazi kama hizo inatoka kwenye leseni na kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwenye wanyamapori kwa sheria ya 1937.

Bunduki ni shotigani, geji (ukubwa wa mtutu) 12 au 20, na kama mzee bega linamsumbua mpe ya 20 bila ubishi, ni ndogo na teke lake dogo, kwa risasi za siku hizi inaua vizuri tu. Kabla ya msimu pigeni kwenye karatasi kubwa iliyochorwa kichwa na shingo, mita 20, mita 30, mita 35, muone marisao, vile vigololi vidogo vya ndani ya risasi, yanatawanyikaje. Pale yanapoanza kuacha mapengo ndio mwisho wenu, na kwa bunduki nyingi mimi nasema msizidi mita 35. Anayepiga karatasi awe yuleyule atakayempiga ndege.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nendeni mkasikilize. Bata mzinga analala juu ya mti, jua likizama ukiiga sauti ya bundi mara nyingi dume anajibu hapohapo, anashindwa kujizuia. Hapa ndipo mnagawana masikio, kama mzee hasikii vizuri wewe sikiliza, yeye aseme mkae wapi, maana mtu aliyezoea msitu anajua kama kuna kijito au waya wa uzio katikati, na dume mara nyingi anagoma kuvuka vitu kama hivyo. Asubuhi fikeni giza bado nene, ondokeni mapema kuliko mnavyodhani mnahitaji ili mzee atembee kwa mwendo wake bila kuhema. Kaeni kama mita 100 kutoka kwenye mti wake, mgongo kwenye shina pana kuliko mabega, na mbebee mto mnene wa kukalia. Msidharau mto, mtu akiumwa kiuno anajigeuzageuza, na kujigeuza ndiko kunakomfukuza ndege. Kama magoti yake hayawezi kabisa kukaa chini wekeni kibanda cha turubai na kiti.

Nguo za mabaka, glavu, kitambaa cha uso. Nyekundu, nyeupe na bluu msivae hata soksi, kichwa cha dume kina rangi hizohizo na kuna watu wamepigwa risasi kwa sababu hiyo. Mkiona mwindaji mwingine anakuja msimpungie mkono, pazeni sauti ya kawaida mseme tupo hapa. Na msinyatie sauti ya bata mnayoisikia, anaweza kuwa mtu anaita.

Sasa kuita. Kwa kawaida dume ndio ananguruma na majike yanamfuata yeye, wewe unamtaka afanye kinyume, kwahiyo ukiita sana anasimama hukohuko anasubiri jike lije. Kiboksi cha mbao cha kusugua kitoe mlio wa jike ni rahisi kwa anayeanza, ila dume akishakaribia tumia kidude cha kuitia cha mdomoni ili mikono itulie. Ita kidogo, akijibu nyamaza. Akiwa amenyamaza kabisa baada ya kushuka msikate tamaa mkaondoka saa moja, mara nyingi yuko na majike, na kuanzia saa tatu hadi saa tano baadhi yao wanamwacha wanaenda kwenye viota, anabaki mwenyewe, na dume mpweke anakuja mbio. Wengi saa hizo wameshaenda kunywa chai.

Akikaribia utasikia mvumo mzito wa chini sana, unausikia kifuani kabla ya masikio, huyo ameshatanua mkia na mabawa yanaburuza majani. Mzee huenda asiusikie, kwahiyo kubalianeni ishara, mimi nagusa goti mara moja maana yake yupo, mara mbili maana yake piga. Angalieni mkia, manyoya ya katikati yakiwa marefu kuliko ya pembeni huyo bado kijana, na kama mtampiga au mtamwacha muwe mmeshaamua. Akiwa amejitanua shingo imekunjwa, msipige, mwitaji atoe mlio mmoja mfupi mkali, atanyoosha kichwa juu, hapo lenga shingo inapoanza manyoya.

Akidondoka sefti, yaani kufuli ya usalama ya bunduki, irudi kwanza, ndipo mpigaji aende amkanyage shingo maana anaweza kuinuka akakimbia, na jihadharini na zile kucha za nyuma ya miguu. Tegi hapohapo, taarifa jimboni kwa simu kama sheria inavyotaka, na kumtoa msituni mfungeni kitambaa cha rangi ya chungwa. We ndio umbebe, dume mzima anafika kilo 8 hadi 10. Kifua kateni nyama nyembamba mkaange haraka, mapaja msiyatupe, yana mishipa migumu ila yakichemka taratibu masaa kadhaa yanaachia mfupa yenyewe.