Jinsi ya kuichambua kazi kabla hujatangaza nafasi (mfano: mtunza stoo)

Ofisi nyingi mtu akiacha kazi leo, kesho tangazo limeshapostiwa, na ukilisoma unaona kabisa ni kopi pesti: digrii, uzoefu miaka mitano, awe anaweza kufanya kazi kwenye presha. Sasa uliza, huyo mtu akifika asubuhi anaanza na nini? Kimya. Ndo maana nasema uchambuzi wa kazi, yaani kujua kazi yenyewe ina majukumu gani na inataka mtu wa aina gani, ufanyike kwanza, na hapa nachukua mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi kwa sababu kila mji yupo.

Anza kwa kujua unachambua kwa ajili gani. Kama ni kuajiri unatafuta mtu aje anajua nini tayari na kipi mtamfundisha hapo hapo, kama ni kupanga mshahara inabidi uilinganishe kazi hiyo na nyingine za hapo ndani, ni maswali mawili tofauti.

Halafu waambie wafanyakazi mapema. Watu wakimwona HR (afisa rasilimali watu) anazunguka na daftari wanajua kuna kupunguzwa, na mtu mwenye hofu atakwambia anafanya kazi za watu watatu, au atakuficha kabisa. Waambie wazi kwamba inayopimwa ni kazi, sio wao. Na wewe mwenyewe ushike hilo, maana kosa kubwa ni kumwandika Juma aliyepo stoo sasa hivi badala ya kuandika kazi ya stoo. Juma anajua kutengeneza jenereta, safi sana, lakini hiyo ni ya Juma, akiondoka usiende kutafuta mtunza stoo fundi jenereta.

Sasa nenda stoo ukae, usimwite ofisini. Angalia mzigo ukishuka: anahesabu, analinganisha na delivari noti (karatasi inayokuja na mzigo), anasaini, anaingiza kwenye leja. Nenda siku ya kawaida na urudi mwisho wa mwezi wakati wa kuhesabu stoki, maana ukienda Jumanne tulivu tu utaandika kazi rahisi ambayo haipo. Kila jukumu liandike kwa kitendo: anafanya nini, kwenye nini, kwa lengo gani, mara ngapi. "Kusimamia stoo" haisemi kitu. "Anahesabu mifuko ya saruji kabla lori halijaondoka ili upungufu ujulikane dereva akiwepo" hiyo ndo sentensi.

Kuna vitu huwezi kuvikuta kwa kuangalia, hapo uliza matukio. Mwanasaikolojia John Flanagan aliiandikia njia hii mwaka 1954, ilianzia kwenye kazi za marubani wa jeshi la Marekani, ila hata kwenye stoo njia hiyo inafanya kazi vizuri tu: niambie siku ambayo kazi iliharibika, ulifanya nini, ikaishaje? Hapo ndo utasikia habari za saruji iliyoganda kwa sababu mzigo mpya uliwekwa mbele ya wa zamani, na utagundua kwamba kutoa cha zamani kwanza ni ujuzi wa lazima kuliko hiyo digrii.

Ukimaliza kwake muulize na msimamizi wake maswali yale yale, kila mmoja peke yake, halafu linganisha. Wakitofautiana usichukue wastani, wakalishe pamoja waelewane, maana mara nyingi utakuta bosi anadhani oda ya mzigo mpya inaandikwa na stoo na stoo anajua ni kazi ya manunuzi, kwa hiyo haiandikwi na mtu.

Jumlisha na muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inaweka masaa 45 ya kawaida kwa wiki, kwa hiyo majukumu yakifika masaa 55 ujue unatafuta watu wawili au unapanga ovataimu ya kulipwa, usimfiche mtu hilo kwenye usaili.

Sifa za mwombaji ziandike mwisho kabisa, na kila sifa ionyeshe jukumu inalotokea. Mfano watu wanapenda kuandika "awe mwanaume" kwa sababu mfuko wa saruji una kilo 50, lakini ulivyokaa pale umeona wanaobeba ni makuli, mtunza stoo anahesabu na kuandika. Basi hiyo sifa itoe, na sheria hiyo hiyo kifungu cha 7 inakataza ubaguzi wa jinsia.

Karatasi ikikamilika mfanyakazi na msimamizi waisome kabla haijasainiwa. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinataka mwajiriwa apewe maelezo ya kazi yake kwa maandishi anapoanza, na yakibadilika mwajiri ashauriane naye na amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo siku mkihama kutoka kwenye leja kwenda kwenye programu ya kompyuta, rudi stoo ukakae tena.