"Class A" kwenye katalogi ya bati maana yake nini hasa

Ukienda kuulizia bati za vigae, zile zenye vichanga juu, muuzaji anakufungulia katalogi anakuonesha pameandikwa Class A halafu anakwambia bosi hii haishiki moto kabisa. Hapo kuwa mpole kwanza.

Hizo herufi, A mpaka C, ni madaraja ya Marekani ya paa kuhimili moto, A ndiyo ya juu, na viwango vya kupimia vinaitwa UL 790 na ASTM E108. Wanachofanya wanajenga kipande cha paa, wanakipulizia upepo, wanakiwekea moto juu yake wanaangalia. Ya A inabebeshwa fungu la mbao linalowaka, futi moja kwa futi moja, uzito kilo 2. B ni gramu 500. C sasa, kijipande cha gramu 9 na kidogo! Kwa hiyo usione A na C ziko jirani kwenye alfabeti ukadhani zimepishana kidogo.

Cha kuangalia zaidi ni kama hiyo A ni ya bati peke yake au ya paa zima, ukikuta "by assembly" ujue waliipata bati ikiwa imekaa juu ya vitu vingine walivyovitaja, mfano plaiwudi na karatasi maalum ya chini, na sisi huku fundi anapiga papi juu ya kenchi anagongelea bati basi, chini hamna kitu. Hiyo A haijaja na wewe nyumbani. Omba karatasi ya kipimo usome walijengaje, na kama ni bati za alumini uliza mara mbili maana alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu.

Za Ulaya zinachanganya, utaona BROOF, daraja lao la paa lililofaulu jaribio la moto wa nje, halafu t1 mpaka t4, hizo t ni aina za jaribio, sio namba moja mpaka nne kwa ubora. Na A1 ni kitu kingine kabisa, inasema malighafi yenyewe haiungui, usiichanganye na Class A.

Halafu hivyo vipimo vya Class A na BROOF ni vya moto unaotoka nje, cheche za jirani anayechoma takataka. Shoti ya umeme juu ya siling bodi haijui herufi.

Makuti? Hayo bila dawa ya kuzuia moto usiulize herufi, hamishia jiko la mkaa mbali na banda.